Kanzu Nisiyoitaka, Kutoka Loresho Hadi Hurlingham

Nilisafiri kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kubaki nyumbani. Wengine husafiri kwenda kutazama simba, wengine kutafuta kazi. Mimi niliondoka Loresho kwa miguu, Jumapili moja ya likizo ya Agosti, nimekumbatia kanzu nyeupe iliyokunjwa, nikienda Hurlingham kuulizwa swali la neno moja mbele ya watu sabini. Swali ni "Unaitaka?" Jibu, tangu kanisa letu lije Nairobi na watu wa kwetu Vihiga, ni "Naitaka." Hakuna aliyewahi kujibu vingine. Jibu langu lilikuwa "Siitaki," na waliolijua walikuwa wawili tu, mimi na Mungu, na Mungu hana mazoea ya kutoboa siri.

Nieleze kidogo, kwa wale ambao wametuona barabarani wakajiuliza hawa ni akina nani. Sisi ndio wale wa kanzu nyeupe na vilemba, wenye ngoma na bendera, wanaokuzibia barabara Jumapili ukiwa na haraka. Pole. Kila mwaka vijana waliotimiza miaka kumi na saba hutembea na kanisa zima kutoka Loresho, kupitia katikati ya jiji, hadi Hurlingham, kanzu zao mikononi. Huko ndiko huulizwa na kuvishwa. Ukishaivaa umeapa. Si sweta ya shule, kwamba jua likiwaka unaifunga kiunoni.

Na mimi siapi ovyo. Chekeni, lakini ni kweli. Nimemdanganya mwalimu wa hesabu, nimemdanganya mkuu wa bweni, nimemdanganya hata daktari wa meno akiwa na mkono mdomoni mwangu. Lakini kila kitu kina mpaka. Ngoma ikilia, Baba hufumba macho akaenda mahali. Senje Rosa, dada yake Baba, hutetemeka mpaka kilemba kinalala upande. Mimi nahesabu mara ngapi mpigaji amekosea. Nimengoja nisikie wanachosikia. Sijasikia bado. Sasa nimwambie Mungu "naitaka," na Mungu anaona kabisa kwamba nahesabu?

Mtasema, basi si ungemwambia baba yako nyumbani? Nilijaribu tangu Aprili. Nilimfuata bustanini, nikaishia kumwuliza kama mbolea ni ya mbuzi au ya ng'ombe. Nilimfuata mezani, nikaomba chumvi. Baba hutunza bustani ya watu hapo Loresho, na sisi tunakaa nyumba ndogo ya nyuma. Siku sita anainamia maua ya wenyewe, siku ya saba anasimama wima kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye mbeba bendera. Nani angependa kuinamisha mtu siku yake ya saba?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Loresho. Tulianza kimya. Ngoma yetu hairuhusiwi kulia mpaka tufike barabara kuu ya Waiyaki, kwa sababu kuna mwaka wakazi walilalamika kwamba tunawapa mbwa wao mawazo. Kwa hivyo tazama: watu sabini weupe pepepe, wanapita kati ya kuta ndefu, ukungu umeshuka, hata kikohozi hakuna. Mama mmoja aliyekuwa akikimbia mazoezi alikata kona, akatuona, akageuka akarudi alikotoka kwa mwendo wa kutafuta medali.

"Huyo ameona siku ya mwisho," nikamnong'oneza Eliudi.

Eliudi ni mpiga ngoma wetu. Tumelingana umri, na yeye pia alikuwa avishwe siku hiyo. Alikuwa na ngoma tumboni na kanzu begani.

"Kageha, leo acha ujinga," akasema. "Umefanya mazoezi ya kujibu?"

"Neno moja linafanyiwa mazoezi?"

"Wewe? Wewe unaweza kuulizwa 'unaitaka' ukaagiza chipsi."

Senje Rosa akatupita, akanivuta kiwiko. "Shika vizuri hiyo kanzu, usiipake jasho! Hiyo kola nimeirudia mara tatu. Na nimekuachia nafasi kiunoni, maana huku kwetu tunanenepa bila kupiga hodi."

"Asante, Senje," nikasema. Kanzu ikawa nzito kama mfuko wa saruji.

Sasa, kabla hatujaenda mbali, mjue sheria za bendera, kwa sababu ndizo zilizoniponza. Bendera ikilala kushoto, tunapinda kushoto. Ikilala kulia, tunapinda kulia. Hairudi nyuma, hata mbele kukiwa na faru. Na mtu yeyote asimsemeshe mbeba bendera njiani, kwa sababu macho yake yakitoka mbele, sote tumetoka. Mbeba bendera akipotosha msafara, hurudisha bendera, akakaa mwaka mzima benchi la nyuma pamoja na wasinziaji. Baba alikuwa ameibeba miaka kumi na mmoja bila kosa.

Saa moja na nusu, Westlands. Hapo ngoma ilikuwa imekwisha kuchangamka, nyimbo zinagonga zile nguzo za barabara ya juu na kuturudia kama kuna kanisa lingine upande wa pili. Tulikutana na waliokuwa wakitoka disko. Sisi tunaenda, wao wanarudi, wote tukiwa na macho mekundu. Kijana mmoja mwenye miwani ya jua na kiatu kimoja mkononi akapiga saluti.

"Niaje, wasee wa mbinguni! Mnaenda bila mimi?"

"Tufuate, nafasi iko!" Senje akamjibu bila kukosa mdundo.

Akatufuata kweli, akacheza vizuri kuliko mimi, hatua kama ishirini hivi, ndipo akakumbuka alikuwa akitafuta kiatu cha pili.

Mimi nilikuwa nikitunga sentensi yangu. Baba, sitaki kanzu. Maneno matatu. Niliyasema moyoni kwa mdundo wa Eliudi, yakakaa sawasawa. Nikaona huko Hurlingham kuna macho sabini mara mbili, lakini hapa njiani kuna kelele, kuna honi, Baba anatazama mbele, hata uso wake sitauona. Hapa ndipo pazuri. Mwoga akipanga mambo hujiona mtaalamu.

Saa tatu kasorobo tuliingia katikati ya jiji. Maduka mengi yalikuwa yamefungwa, wachuuzi wanatandika magunia yao kando ya barabara, njiwa wengi kuliko watu. Nikaongeza mwendo. Nikampita Eliudi, nikampita Mchungaji, nikafika ubavuni kwa Baba.

"Baba."

Hakugeuka.

"Baba, kuna kitu lazima nikuambie kabla hatujafika. Usikasirike. Nimejificha nacho tangu Aprili."

Hapo ndipo Baba alipogeuka. Hakugeuza macho peke yake. Aligeuka na mabega yote mawili, uso umemkauka, na bendera, kwa kuwa ilikuwa mikononi mwake, ikageuka naye. Ikalala kushoto.

Kushoto kulikuwa na mdomo wa maegesho ya magari, chini ya jengo moja refu.

Nilisikia nyuma yangu ngoma ikipinda. Sijui niwaeleze vipi sauti ya kanisa zima likipinda bila kuuliza swali. Watu sabini wakatelemka ule mteremko wakiimba kuhusu bonde la giza, na kusema kweli wimbo ulifaa. Askari wa kizuizi akatoka kibandani na mkate mkononi.

"Wapi gari?" akauliza.

"Sisi ndio gari," nikamjibu. Ulimi wangu hauna adabu hata siku ya msiba.

Mashine ya kizuizi ikasema karibu kwa sauti ya mwanamke, ikatoa tiketi moja kwa ajili yetu sote. Mchungaji akaipokea kwa mikono miwili. Baba alikuwa ameshaona kosa, lakini bendera hairudi nyuma, ikabidi atafute njia ya kutokea mbele. Tukazunguka nguzo za ghorofa ya kwanza. Tukashuka ya pili. Kule chini ngoma ya Eliudi ilikuwa kama radi ndani ya sufuria, na magari yakaanza kulia ving'ora, moja, mawili, halafu yote, taa zinawaka na kuzima. Watoto walifurahi kupita kiasi. Senje Rosa alifikiri ni ufunuo, akatetemeka hapohapo kando ya tangi la maji. Ikawa dakika kama ishirini kabla hatujaona mwanga, tukatokea barabara nyingine kabisa, askari watatu wakitusindikiza na kutuomba tusirudi.

Siku nyingine yoyote hadithi hiyo ingenilisha muhula mzima. Lakini nilimwona Baba kutoka nyuma. Shingo yake, ambayo huwa kama mti, ilikuwa imeinama.

Tulipanda Valley Road. Ule mlima hauhitaji huzuni ya ziada. Senje akaniminya.

"Ulimwambia nini baba yako?"

"Nimemsalimia."

"Salamu gani inapeleka kanisa chini ya ardhi?"

Saa tano na robo, Hurlingham. Mwenyeji wetu ni Mama Gurdip, mama wa Kisikh mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale barabara ya Argwings Kodhek. Nyuma ya duka kuna ua mpana, kati ya rundo la mabati na mabomba. Zamani babu zetu walinyeshewa wakiwa njiani, marehemu mume wake akawaona, akafungua lango na kusema mtu wa kilemba hawezi kuacha kilemba kingine kilowe. Tangu hapo hatujawahi kukaa njaa siku ya kanzu. Mama Gurdip alikuwa langoni, mwiko mkononi, harufu ya chai ya tangawizi nyuma yake.

"Karibu! Chai nachemka tangu saa nne. Leo nyinyi napotea wapi?"

Kila mtu alitazama viatu vyake.

Kwa kawaida yetu, hatuingii mahali pa kuvishana kanzu kabla hatujaungama. Tunasimama duara langoni, kila mtu anataja kosa lake moja kwa sauti, kuanzia Mchungaji. Mwaka huu yeye aliungama kwamba amemzuia shemeji yake kwenye simu. Senje aliungama wivu kuhusu kitambaa cha jirani. Mimi huungama vichekesho. Mwaka jana niliungama kula mandazi matatu ya kwaya, na kwaya yenyewe ikanisamehe kwa kucheka. Watu husubiri zamu yangu kama wanavyosubiri soda.

Baba akafikiwa kabla yangu.

"Nimepotosha bendera," akasema. "Macho yangu yalitoka mbele. Sina kisingizio."

Hivyo tu. Hakunitaja. Akamnyoshea Mchungaji ile bendera kwa mikono yote miwili, na nikaona vidole vyake, vyenye udongo usiotoka hata kwa sabuni, vikikawia kuuachilia mti.

Nataka niseme nilikuwa jasiri. Sikuwa. Nilifikiri: ukinyamaza, Baba anapoteza bendera, halafu unaulizwa, unasema naitaka, na mambo yote yanakwisha vizuri isipokuwa wewe. Mkono wangu ukapanda kabla sijaumaliza huo mpango.

"Si Baba. Mimi ndiye niliyemsemesha."

Mtu nyuma akacheka. "Kageha ameanza!"

Na duara lote likaanza kutabasamu, wengine wakijishika tumbo mapema, tayari. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko mahali popote. Miaka yote nimewafunza watu kwamba nikifungua mdomo wacheke, na walikuwa wamefuzu. Nikangoja kicheko kiishe. Kikachelewa kuisha. Nikaendelea kungoja.

"Sichezi," nikasema. "Nilitaka kumwambia Baba kwamba kanzu siitaki. Siwadharau. Nawapenda. Lakini ngoma ikilia sisikii mnachosikia, nahesabu tu. Nikisema naitaka nitakuwa nimemdanganya Mungu, na huyo sitaki kumweka kwenye orodha yangu."

Hata chai iliacha kuchemka, nadhani.

Baba akanikaribia. "Ni hilo tu?"

"Ndiyo."

"Kile kitu ulichojificha nacho tangu Aprili?"

"Ndicho hicho, Baba."

Akashika magoti yake kama mtu aliyemaliza mbio ndefu. "Asante Mungu! Mimi nilijua una mimba!"

"Baba!"

"Kutoka mjini mpaka hapa nahesabu miezi! Aprili, Mei, Juni! Pale kwenye mlima nilikuwa nimeshampa jina!"

"Jina gani?" Eliudi akauliza, mjinga yule.

"La mama yangu," Baba akasema, na sauti ikamkatika, sijui kwa kucheka au kwa nini.

Duara likavunjika. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa juu ya mabomba. Mama Gurdip akauliza ni nini, akaelezwa, akacheka peke yake baada ya wengine kunyamaza. Mchungaji alifuta macho kwa ncha ya kilemba. Ni Senje Rosa tu ambaye hakucheka. Alikuja, akachukua kanzu mikononi mwangu, akaikunja upya, mkunjo kwa mkunjo, akaitia mkobani mwake.

Mchungaji akasafisha koo. "Bendera irudi kwa mwenyewe. Mwanao akikuambia hivyo, ni nani hatageuka? Na aliyemsemesha mbeba bendera ataosha vikombe."

"Vyote?"

"Na sufuria. Kuhusu kanzu, swali litaulizwa tena mwaka ujao. Likikukuta uko tayari, jibu. Likikukuta hauko tayari, vikombe vitakuwepo."

Saa saba, bado Hurlingham, kwenye karo la nyuma ya duka, povu mpaka viwiko. Wakati wenzangu wanavishwa uani, mimi nilikuwa nasugua, na Mama Gurdip anasuuza.

"Veve ile msichana nasema hapana?"

"Ndiyo, Mama."

"Gurdip yangu pia. Nakata nywele, natoa kilemba, Ijumaa. Mimi nalia, baba yake nalia. Jumamosi anakuja mlangoni, nauliza, chapati iko? Nasema iko. Nakula nane."

"Na kilemba kikarudi?"

"Kilemba hapana rudi. Mtoto narudi. Leta hiyo kikombe, bado iko sabuni."

Nikasikia ng'ambo ya ukuta: "Unaitaka?" "Naitaka!" Mara nne. Ya Eliudi ilitoka imepasuka kama lango lisilo na mafuta. Ngoma ikalia, na nikagundua sihesabu. Sikusikia sauti ya mbinguni, msinielewe vibaya. Niliisikia tu ngoma, kwa mara ya kwanza bila kuogopa itakaponifikisha. Machozi yakaja kidogo, nikasingizia sabuni.

Baba akaingia, akachukua kitambaa, akaanza kukausha vikombe. Alikausha kama sita hivi.

"Imekuuma?" nikauliza.

"Imeniuma. Lakini imeniuma mahali padogo kuliko pale nilipokuwa nimejitayarisha." Akakausha kingine. "Kwa nini hukuniambia kule bustanini? Wiki moja umeniuliza habari za mbolea mara nne. Nilidhani unataka kulima."

Saa tisa alasiri tulianza kurudi, kwa njia ya Lavington, jua likitupiga usoni. Waliovishwa walitangulia. Mimi nilitembea nyuma na watoto, wakinidai niwaigizie vile ving'ora vya magari. Senje alitembea kando yangu mpaka barabara yote ya James Gichuru ikaisha.

"Ile kola nimeirudia mara tatu," akasema mwishowe.

"Najua, Senje."

"Kujua hakushoni."

Sikuwa na mzaha wa kumpa, na sikuutafuta. Hilo nalo ni la kulipia, na bado nalilipa.

Nilitembea nikifikiria hivi. Kutoka Aprili hadi Agosti nilimbeba Baba mmoja wa kutisha kichwani, mwenye kufoka, mwenye kunifukuza. Naye, kutoka mjini hadi Hurlingham, alikuwa amebeba Kageha mmoja mwenye mtoto tumboni. Hawa wawili hawapo. Tuliwatembeza barabarani kwa jasho letu, na sentensi yenyewe ilipotoka ilikuwa fupi kuliko foleni ya choo cha shule. Sijaacha kuogopa. Nimejua tu kwamba woga husubiri uwe peke yako ndipo uongee, na ukishaongea wewe mbele za watu, wenyewe unapungukiwa na maneno.

Saa kumi na mbili jioni tukafika lango la mtaa wetu Loresho, mimi na Baba tumebaki wawili. Askari wa zamu, mzee Wekesa, alikuwa ameambiwa habari za siku hiyo wiki nzima. Akanitazama juu mpaka chini.

"Mzee, mbona huyu wako hana kanzu? Si ilikuwa leo?"

Nikatazama lami. Nilikuwa na uongo wa aina tatu wa kumwazima Baba: imechafuka, imebana, tumeiacha kwa fundi. Hakuuhitaji.

"Amesema hataki," Baba akajibu. "Mbele ya watu sabini. Amesimama akasema."

Aliyasema kwa sauti ile ambayo baba za watu hutumia kutangaza kwamba binti amepata A ya kemia. Mzee Wekesa hakujua kama atupe pole au hongera. Akafungua lango lote, mabawa mawili, kana kwamba tunaingia na gari.